Ndiyo au hapana kwa kadi moja ya tarot: ninavyosoma mimi saluni

Wiki iliyopita nilikuwa namsuka mteja rasta, saa ya tatu hiyo tumekaa, vidole vimekufa ganzi, akaona pakiti ya kadi za tarot, zile za picha watu wanabashiria nazo, kwenye droo ya vitana akanambia dada hebu nitolee moja, we nambie tu ndiyo au hapana, huyu jamaa atakuja kujitambulisha nyumbani au ananipotezea muda? Nikachanga, akavuta mwenyewe. Ikatoka ile ya mkulima kaegemea jembe anaangalia mmea uliozaa sarafu. Akaikodolea macho weee, alafu akaniangalia mimi. "Sa hii ni ndiyo au hapana?"

Hapo ndo watu wengi wanakwama, na ndo maana nimeamua kuandika. Kadi nyingi za tarot hazisemi ndiyo wala hapana, zinaonyesha mtu yuko kwenye hali fulani, kaegemea jembe, kafungwa macho, yuko kwenye mtumbwi. Kuigeuza hiyo hali iwe jibu ni kazi yako, na hiyo kazi robo tatu yake unaimaliza kabla hujagusa kadi, pale unapopanga swali.

Najua kuna watakaosema hii ni ramli na dini zote mbili hapa mjini zinakataza, sikubishii, kama imani yako inakataza ishia hapa tutaongea mambo ya nywele. Mi mwenyewe siamini kama karatasi inajua kitu. Ninachokiona ni kwamba mtu akilazimika kusema swali lake kwa mdomo, alafu akageuza kadi, uso wake unasema ukweli kabla hajajipanga kudanganya. Hiyo inanitosha.

Haya, ujue kwanza umeshika nini. Pakiti kamili ni kadi 78. Kati ya hizo 22 ni kubwa, zina majina kama Jua, Mwezi, Mnara, Kifo, na 56 ni ndogo zilizogawanyika kwenye familia nne zenye kadi 14 kila moja: Vikombe, Sarafu, Fimbo na Panga. Na hapa kuna kitu kinanifurahishaga sana. Kama umekulia barazani kwenye karata unajua kopa, uru, pao na shupaza. Hayo majina tumeyarithi kwa Wareno, na kwao copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, ndo hizo sarafu, paus ni fimbo na espadas ni panga. Yani familia zote nne za tarot hizo hapo mdomoni kwetu, tunaangalia picha ya moyo tunaita kopa, kumbe tunasema kikombe! Hata turufu ni neno la Wareno hao hao, na zile kadi 22 kubwa ndo zilikuwa turufu za mchezo, maana tarot ilianza kama mchezo wa karata kaskazini mwa Italia kwenye miaka ya 1400, mambo ya kubashiria yakaja kushika huko Ufaransa miaka ya 1700. Kwaiyo ukiona mtu anakutisha kwamba hizi kadi zimetoka kaburini Misri, we mwache na stori zake.

Pakiti ninayotumia ni ya Rider-Waite, ilitoka London mwaka 1909, na picha zote alichora dada mmoja anaitwa Pamela Colman Smith ambaye alilipwa hela kiduchu mno kwa kazi ile. Ukijifunza kwa hiyo ni rahisi kwa sababu karibu kadi zote zina picha za watu wakifanya jambo, hata zile ndogo. Majina yameandikwa Kiingereza lakini usihangaike nayo, kadi kubwa zina namba za Kirumi juu, ukiona XIX hilo ni Jua, XVI ni Mnara, XIII ni Kifo. Ndogo nyingi unahesabu tu vilivyochorwa.

Sasa swali. Hapa tulia.

Swali la ndiyo au hapana lazima liwe na kitu kinachoweza kutokea au kisitokee, na muda ndani yake. "Nitafanikiwa?" sio swali, hilo ni dua. Kufanikiwa nini, lini, na utajuaje kwamba umefanikiwa? Mteja akiniletea la hivyo namrudishia, namwambia mamii lipunguze. Tunaanza na "nitapata kazi?" tunashuka mpaka "nikipeleka barua pale kabla ya Ijumaa wataniita interviu mwezi huu?" Ona tofauti, la pili lina kitu cha yeye kufanya na lina tarehe, mwezi ukiisha tunajua kadi ilisema kweli au ilituzingua.

Alafu kuna mtego wa lugha yetu ambao sijaona mtu akiusema. Kamwe usiulize kwa kukanusha. Kiswahili ukiulizwa "hujala?" unajibu "ndiyo, sijala", si ndo tunavyoongea? Sa wewe unauliza kadi "hatarudi?" inatoka Jua, kadi ya ndiyo kuliko zote, ina maana ndiyo anarudi au ndiyo, harudi? Nimeona watu wawili wamegombana kwa hili hili kwenye benchi langu, mmoja anashangilia mwingine anampa pole, kadi moja. Uliza "atarudi?" basi.

Maswali ya "au" pia hayafai. "Nihamie Kigamboni au nibaki Mbagala?" hayo ni maswali mawili, yavunje, uliza la kwanza, ukitaka uliza la pili siku nyingine. Na yale ya kuunganisha, "atanioa na atakubali nifanye biashara?", ikitoka ndiyo utajuaje imejibu lipi.

Kuna maswali mi sigusi kabisa. Mimba, kaswende, presha, hapana, kipimo cha mimba duka la dawa hakifiki bei ya chips kuku, nenda kanunue. Na yale ya nani kaniibia, nani kaniroga, jirani ndo ananiendea kwa mganga? Hayo ni ramli chonganishi na hapa kwetu Tanzania yameua watu, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu tu ya macho mekundu ya moshi wa kuni, na mwaka 2015 serikali ilifikia kutangaza marufuku kwa waganga wapiga ramli kipindi kile cha mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Kadi isitaje mtu. Hata lile la "mume wangu ana mchepuko?" nalikwepa, namwambia mama uliza kuhusu wewe, uliza "nikimuuliza leo usiku itanisaidia?" Wengine wananuna.

Swali likishakaa sawa, panga sheria kabla ya kugeuza. Kabla, sio baada. Maana ukishaiona kadi ndo unaanza kutunga sheria ya kukufurahisha.

Sheria ya kwanza ni kadi zilizopinduka. Kuna watu wanasoma hivi: ikitoka wima ni ndiyo, ikitoka kichwa chini ni hapana, mwisho. Rahisi, lakini ina tatizo la kijinga ambalo utalijua ukishadanganywa nalo: kama unatunza kadi zako vizuri, kila ukimaliza unazipanga zote wima, basi kesho ukichanga zitatoka wima zote, yani kila swali ndiyo, ndiyo, ndiyo mpaka unajiona una nyota kali. Kama unataka kutumia njia hiyo kata pakiti mafungu mawili, geuza fungu moja kichwa chini, changanya zote mezani kwa mikono miwili kama unaosha mchele. Mi binafsi siitumii, kwa sababu siwezi kumwambia mtu kwamba moyo uliochomwa panga tatu mvua inanyesha ni "ndiyo" eti kwa vile umetoka wima. Nasoma zote wima, ikipinduka naigeuza.

Sheria ya pili ni vikapu vitatu: ndiyo, hapana, na bado. Wanaokwambia ni viwili tu wanakurahisishia, ila kuna kadi ukiilazimisha kwenye viwili inagoma. Bado sio hapana, na sio "sijui" ya msomaji aliyekwama. Ni jibu kamili, maana yake kuna kitu hakijaiva au kuna kitu umefichwa.

Kwenye kikapu cha ndiyo naweka Jua, Nyota, Dunia, Mama Malkia yule aliyekaa shambani, esi zote nne (wazee wa karata wanaita ree), Vikombe tatu, tisa na kumi, na Fimbo sita ambayo mtu amepanda farasi na shada la ushindi. Vikombe tisa ndo kadi ya matakwa, baba kakaa kakunja mikono na vikombe vyake nyuma kama mwenye ukumbi. Fimbo nane, zile zinazoruka hewani, ni ndiyo ya haraka, kaa karibu na simu.

Hapana ni Mnara, Shetani, Panga tatu, Panga nane, Panga kumi, Sarafu tano ile ya maskini wawili wanapita kwenye theluji nje ya dirisha la kanisa lenye mwanga. Bado ni Aliyening'inizwa, Mwezi, Panga mbili, Panga nne, Vikombe vinne, na huyo mkulima wetu wa Sarafu saba. Ndogo zilizobaki nazipima kwa familia: Vikombe na Sarafu zinaegemea ndiyo, Fimbo zinaegemea ndiyo ila zinakutaka ufanye haraka, Panga zinaegemea hapana. Usikariri, chukua daftari uandike vikapu vyako mwenyewe, ukimuona mtu kwenye kadi anaonekana amebanwa weka hapana, anaonekana amepumua weka ndiyo, na ukishaandika usibadilishe katikati ya swali.

Sasa ngoja niharibu kidogo nilichosema, maana vikapu ni pa kuanzia tu na kuna kadi zinafuata swali. Chukua Kifo. Mtu akivuta ile mifupa imepanda farasi mweupe anaruka kwenye kiti, wengine wanaomba tusali. Haimaanishi mtu anakufa. Inamaanisha kitu kimefika mwisho, na ukiangalia vizuri kule nyuma kati ya minara miwili kuna jua. Kwaiyo ukiuliza "tutarudiana tuwe kama zamani?" Kifo ni hapana, tena kavu. Lakini ukiuliza "nimalizane naye?" Kifo hicho hicho ni ndiyo. Mnara vile vile. Kuna mama mmoja, mtu mzima wangu namwamkia, aliuliza "nihame kwenye hii nyumba ya kupanga?" ukatoka Mnara, radi imepiga, taji limeng'oka, watu wawili wanadondoka kichwa chini. Mwanafunzi wangu pale saluni akakimbilia kusema hapana kwa sababu Mnara uko kikapu cha hapana. Nikamwambia subiri, anauliza kuhusu kutoka kwenye nyumba, kadi inaonyesha jengo linapasuka, mama hama!

Njia ninayotumia kupima ni hii: badala ya kuuliza "kadi hii ni nzuri au mbaya?" nauliza "huyu mtu kwenye picha anafanya kile kilichoulizwa?" Nikiona anafanya, ndiyo. Nikiona amezuiwa, hapana. Nikiona amekaa tu anaangalia, bado.

Nayo ndo imeniokoa na Panga sita. Kwa familia ya Panga ungesema hapana. Lakini kuna dada aliuliza nihamie Kigamboni, ikatoka hiyo, picha ya mtu anasukuma mtumbwi kwa pondo, mbele yake mama amejitanda na mtoto pembeni, wanavuka maji. Tulicheka mpaka mteja wa pembeni akaamka kwenye draya. Kivuko hicho, ndiyo nyingine unataka ipi? Ila nikamwonyesha na zile panga sita zimesimama humo humo ndani ya chombo, nikamwambia unavuka lakini ugomvi unaoukimbia umepanda nao. Akanyamaza kidogo. Alihama.

Kugeuza kwenyewe ni kazi ya dakika mbili. Sema swali kwa sauti, changa mpaka ujisikie umetosheka, kata kwa mkono wa kushoto ukipenda (wengi wanafanya hivyo, sina sababu ya kukupa), vuta moja, geuza. Kabla ya kufungua kidaftari cha maana za kadi, jikague tumbo. Ulipoiona umeshuka mabega au umebana meno? Mtu akivuta Nyota alafu akasema "aah" kwa unyonge, mi namuuliza kwanini hukufurahi. Mara nyingi hapo ndo kwenye habari yenyewe, hakuwa anataka ndiyo, alikuwa anatafuta ruhusa ya kukataa.

Na ni kadi moja. Hapa nitajisema mwenyewe. Mwaka juzi nilitaka kuongeza viti viwili, kuna watu wa mikopo ile ya kausha damu walikuwa wanapita mtaani, nikauliza nichukue? Nikavuta Shetani. Wale wawili wamefungwa mnyororo shingoni, na ukiangalia mnyororo wenyewe umelegea wangeweza kuuvua, lakini wamesimama tu. Nikasema aa nilikuwa sijachanga vizuri. Nikavuta tena, Fimbo kumi, mtu kabeba mzigo wa kuni hata anakokwenda hakuoni. Nikasema hii inamaanisha bidii. Nikavuta ya tatu, Sarafu tano, masikini wangu wa theluji. Ya nne likatoka Jua! Nikafunga pakiti haraka nikaenda kusaini. Marejesho yalikuwa ya kila wiki na nilikuja kuuza draya moja kuyamalizia.

Baadaye kaka yangu mwalimu wa hesabu akanipigia mahesabu pale pale mezani, akasema chukulia nusu ya kadi zako ni ndiyo, ukivuta mara moja una nafasi 50 kwa 100, ukijiruhusu kuvuta mpaka mara nne uwezekano wa kuiona ndiyo angalau moja unafika kama 94 kwa 100. Yani ukiwa king'ang'anizi utaipata ndiyo yako, hata kama swali ni nikaoge kwenye mafuriko ya Jangwani mvua ikinyesha. Kwaiyo sheria yangu sasa ni kadi moja, na swali hilo hilo halirudiwi mpaka kitu kibadilike, barua imejibiwa, mtu amepiga simu, mwezi umeisha. Kadi ya pili naruhusu kwa sababu moja tu, ya kwanza ikiwa bado, na hapo siulizi tena swali lile, nauliza "kinachosubiriwa ni nini?" na siisomi kwa ndiyo au hapana.

Kama huna pakiti usikope hela ya kununua. Karata za kawaida za 52 zinatosha, nyekundu ndiyo, nyeusi hapana, kopa na uru huku, pao na shupaza kule, ondoa jokeri. Hutapata picha ya kuisoma lakini kwa swali dogo inajibu. Apu za simu zipo za bure kibao, shida yake ni kitufe, kidole kinabonyeza tena chenyewe na bando likiwepo hujizuii.

Turudi kwa mteja wangu na mkulima. Nilimwuliza kwanza, huyu mtu kwenye picha anafanya ulichouliza? Akasema hapana, kasimama tu kaegemea jembe. Mmea umezaa? Umezaa. Basi ni bado, na bado ya kadi hii sio ya shamba bovu, ni ya mtu anayefikiria avune au aache. Akaniuliza bado mpaka lini, nikamwambia kadi haina kalenda ndo maana nilitaka uweke mwezi kwenye swali ukakataa. Tukavuta ya pili kwa swali la kinachosubiriwa, ikatoka Panga mbili, mwanamke amefungwa kitambaa machoni kashika panga mbili kifuani. Akasema "huyo ni mimi, sijawahi kumuuliza." Nikaendelea kusuka.

Cha mwisho ni daftari. Tarehe, swali neno kwa neno, kadi, kikapu, alafu nafasi tupu ya kuandika kilichotokea. Bila hiyo nafasi tupu utakumbuka zile zilizopatia tu. Langu lina kurasa nyingi zenye hapana iliyogeuka ndiyo, na kuna kadi nimezihamisha kikapu kwa sababu yake, Mwezi zamani nilikuwa naweka hapana. La leo limeandikwa hivi: mteja aliyeweka miadi ya saa kumi atakuja kabla ya saa kumi na moja? Imetoka Gurudumu la Bahati, nimeandika bado. Sa hivi ni kumi na nusu, maji ya kuoshea nywele yanapoa.